Mnara wa Moto Bado Una Kazi

Januari hadi Machi, nyasi za Soin, nchini Kenya, hukauka kabisa. Juu yake, kwenye misitu ya Londiani na Mau, cheche ya mchoma makaa au mrina asali yatosha kuteketeza misaipresi ya miaka mingi. Machi 2009 Mau iliwaka.

Kabla ya simu, kinga ilikuwa mnara. Mlinzi alipanda juu, akauona moshi na kupima uelekeo wake kwa dira. Mwenzake wa mnara wa pili akafanya vivyo hivyo. Mistari hiyo miwili ya uelekeo ilipokatana kwenye ramani, moto ulijulikana ulipo. Sao Hill, huko Mufindi, Tanzania, minara ya namna hiyo ililinda shamba kubwa la miti la serikali.

Leo kuna setilaiti. Terra ilirushwa 1999 na Aqua 2002, na zote huona joto la moto kutoka angani. Lakini hupita mara chache tu kwa siku, na mawingu huziziba. Kwa dakika zile za kwanza, mtu aliye juu ya mnara na simu mkononi hana mbadala. Chuo cha misitu kipo Londiani. Vijana wa vyama vya misitu vya jamii wafundishwe humo kazi hii, na walipwe.