Dereva Aliyewahi Kufungiwa Leseni kwa Ulevi: Je, Apewe Gari la Wagonjwa?

(Haya ni maneno ya dereva mmoja wa Ufipa, aliyoyatoa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili mjini Sumbawanga. Kwa ombi lake hatutaji jina lake wala kijiji chake.)



Nimeombwa nizungumzie usafiri wa dharura vijijini. Nitauzungumzia, lakini inanipasa nianze na aibu yangu. Humu ndani wapo wanaoijua, na si vizuri waendelee kunong'ona wakati mwenyewe nimesimama mbele yao.

Nimetiwa hatiani mara mbili kwa kosa la kuendesha gari nikiwa nimelewa. Mara ya kwanza nilikuwa naendesha pikapu ya kubeba mahindi. Trafiki walinisimamisha, wakanipima, nikafikishwa mahakamani na kulipa faini. Nikasema ni bahati mbaya, tena nikasema yule askari ana chuki na mimi. Mara ya pili niliingiza gari mtaroni, na kijana aliyekuwa amekaa juu ya magunia akavunjika mguu. Hapo leseni ikafungiwa. Yule kijana anachechemea mpaka leo. Tukikutana sokoni ananiamkia, "Shikamoo kaka." Faini niliimaliza kulipa, lakini shikamoo ile bado nadaiwa.

Sisi Wafipa ulezi tunaula na tunaunywa. Sikuja hapa kuwatukana wapika pombe, maana wengi wamesomeshwa kwa fedha hiyo, nami ni mmojawapo. Nasema tu kwamba pombe na usukani havikai pamoja.

Siku niliyoacha

Watu hudhani niliacha kwa kuogopa hakimu. Hapana. Usiku mmoja, kabla ya kesi ile ya pili kwisha, mama mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu, akaanza kutoka damu. Gari lililokuwepo kijijini ni lile nililokuwa nalo mimi. Walikuja kunigongea nyumbani, wakanikosa, wakanikuta kilabuni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na miguu ilikuwa haisimami. Wakambeba kwa machela, kisha kwa pikipiki. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hakuna mahakama iliyonishtaki kwa hilo. Baba wa mtoto hajawahi kunitamkia neno. Tangu usiku ule sijaonja.

Kazi ninayoiomba

Hospitali ya Dkt. Atiman hapa mjini mnaijua nyote. Adrian Atiman alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa pwani ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Wapo wanaonifariji kwa kusema, "Hata Atiman alitoka mbali." Nawashukuru, ila mfano huo haunifai. Yeye alitendewa uovu. Mimi niliutenda. Mtu aliyetenda hana budi kupita njia ndefu zaidi.

Na njia yenyewe ni hii. Matangazo ya kazi ya udereva serikalini hutaka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, mafunzo ya VETA au chuo kingine kinachotambuliwa, na kuwa umeendesha kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Basi mtu kama mimi hawezi kurudishiwa leseni leo na kesho akaomba gari la wagonjwa. Ni lazima ajenge upya rekodi yake.

Upo pia mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022 baada ya kuanzia Sengerema na Shinyanga. Mtu anapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa liko mbali, anaitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Ni mpango mzuri. Lakini unasimama juu ya kitu kimoja: simu ikilia saa nane za usiku, dereva awe mzima.

Vijana huniuliza kama kosa la namna hii linafunga mlango wa uuguzi au utabibu. Tangu mwaka 2010 Muhimbili ina idara ya tiba ya dharura, na vijana wetu nao wanaitamani kazi hiyo. Mimi siwaahidi kitu. Mabaraza yanayosajili wauguzi na matabibu huangalia mwenendo wa mtu. Ninachowaambia ni kwamba kosa lililoandikwa kwenye barua ya maombi huweza kujadiliwa, na kosa lililofichwa likigunduliwa huwa makosa mawili.

Nilipoleta ombi langu, kamati yetu ilinijibu hivi: mwaka mmoja usishike usukani. Uwe msaidizi. Nabeba machela, naosha damu garini, namshikia muuguzi taa. Huu ni mwezi wa tisa. Mwanzoni nilikasirika. Sasa najua kwamba nilikuwa sijui kazi. Nilidhani dharura ni mwendo kasi. Mteremko wa kutoka uwandani kwenda Muze unashuka karibu mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa, na pale anayekuokoa ni gia ndogo na utulivu. Mama aliyelala nyuma akitoka damu hahitaji kurushwa.

Ninachowaomba

Kwanza, msinihurumie. Mkinikabidhi gari kwa huruma, atakayelipa ni mgonjwa.

Pili, sheria yetu ya usalama barabarani imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kwa gari la wagonjwa naomba kamati iweke sifuri. Mwili hupunguza kama miligramu 15 tu kwa saa. Aliyefikia 160 saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado ana kama 70. Hapo sheria haimkamati, lakini mimi nisingempa mke wangu ambebe.

Tatu, nunueni kipimo cha pumzi, na kila dereva apulize kabla ya zamu. Kila dereva, siyo mimi peke yangu. Yule ambaye hajawahi kukamatwa huenda alikuwa na bahati tu.

Nne, daftari la zamu liwe na majina mawili kila usiku, ili asiyejisikia vizuri aseme bila kuogopa.

Tano, nikionja hata kikombe kimoja, nakabidhi ufunguo, na kusiwe na kikao cha kunijadili.

Kwa wageni wetu wafadhili, nina neno dogo. Mnapotoa gari mnauliza habari za matairi, mafuta na matengenezo. Ulizeni pia nani analishika usiku, amelala saa ngapi, na analipwa nini. Gari jipya mikononi mwa mlevi ni hatari mpya.

Miezi mitatu ikiisha, kamati itaamua. Yule baba niliyemtaja ni mjumbe, naye atapiga kura. Sikwenda kumwomba, na sitakwenda. Akinikataa nitaona haki imetendeka, nami nitaendelea kubeba machela, maana machela nayo inahitaji mtu mzima.