Mwezi Haujaisha



Vijana wenzangu, wazazi wetu, leo nianze na mpira. Si huu wetu, ni ule wa Marekani wenye umbo la yai. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, timu ya Chuo Kikuu cha Kansas ilipangiwa mechi 10 badala ya 12. Ile ya Texas ikafutwa. Zikabaki 9, na zote 9 wakashindwa.

Mwaka huohuo, si mnakumbuka, misikiti yetu ilifungwa, taraweh tukaswali majumbani.

Sasa sikilizeni. Tarehe 13 Novemba 2021, Kansas ilikwenda kwa haohao Texas ikashinda 57 kwa 56, muda wa ziada. Tangu 2008 haikuwa imeshinda ugenini katika ligi yake. Lau wangeacha mazoezi, siku hiyo ingewakuta wapi?

Nasema haya manake twajuana. Kumi la kwanza msikiti hujaa hadi barazani. Likiingia la pili, safu zapungua. Mtu akikosa taraweh siku tatu asema, "Aah, mwezi ushaniponyoka, mpaka mwakani." Nani kakupa dhamana ya mwakani? Mwaka 2020 tuliona hata mlango wa msikiti waweza kufungwa.

Umeteleza? Rudi leo usiku. Hukusoma juzuu? Anza na kurasa mbili. Umegombana na nduguyo? Mpigie simu kabla ya futari. Kumi la mwisho lina Lailatul Qadr, na haukuandikiwa waliofululiza peke yao.

Wabillahi Tawfiq.