Jina la Nani Litangulie?

 Msikilizaji, maoni yetu leo yanahusu majarida ya kitaaluma, yale yanayochapisha matokeo ya utafiti. Usibadilishe stesheni ukidhani hayo ni ya maprofesa. Dawa anayoshauriwa mkulima wa kahawa wa Mbozi na vidonge anavyopewa mama kliniki vimetokana na makala zilizochapishwa mahali fulani. Makala ikiwa ya uongo, anayeumia ni huyo mkulima na huyo mama.

Nianze na Mtanzania ambaye jina lake ni sawa na la kata yetu ya Mpemba, hapa Tunduma: Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake mmoja akaruka hatua, akaingiza maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mpemba naye, asije akakosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii akakejeliwa: mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya walimwengu.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dokta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akasimama: ukichukua maji ya ujazo sawa, haya nyuzi 35 na haya nyuzi 100, ukayaweka yote kwenye friji, yale ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Darasa likaangua kicheko. Osborne hakucheka. Aliahidi kwenda kupima.

Huko Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba ni kweli, ya moto yametangulia kuganda, ila asiwe na wasiwasi, watarudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Msikilizaji, pima maneno hayo. Fundi alikuwa na jibu lake mfukoni kabla hajagusa kipimajoto. Watafiti wengi walioharibu kazi zao hawakuanza kwa kutunga takwimu. Walianza kwa kurudia na kuchagua, mpaka namba zikawapendeza. Osborne aliyakubali matokeo kama yalivyokuja.

Mwaka 1969 makala ikatoka Uingereza katika jarida la Physics Education. Majina yalikuwa mawili, na la kwanza lilikuwa la Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka. Sehemu yake alisimulia mwenyewe, na Osborne akaeleza majaribio yake. Mhadhiri yule angeweza kuweka jina lake peke yake, chini kabisa akamshukuru mwanafunzi mmoja wa Iringa. Nani angejua? Hakufanya hivyo, na mpaka leo wanafizikia duniani wanalitaja tukio hilo kwa jina la Mpemba.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya, wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Hilo halimvunjii Mpemba heshima. Makala ya kweli inaweka njia yake hadharani ili mwenye shaka aje arudie. Ubishi bado unaendelea, nao ni ubishi halali.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga utafiti wa dawa ya saratani wenye makosa ya wazi kabisa. Akautuma kwa majarida 304 yanayotoza waandishi ada. Majarida 157 yaliupokea. 98 tu yaliukataa. Wako waliouona ubovu: PLOS ONE nalo linatoza ada, lakini lilihoji maadili ya utafiti huo na kuukataa. Kwa hiyo ada peke yake si dhambi.

Linalotuuma sisi ni hili: waandishi wale wa kubuni walipewa majina ya Kiafrika na taasisi za Afrika zisizokuwepo, mojawapo ikiwekwa Asmara. Bohannon aliona chuo kisichofahamika cha Afrika hakitamshtua mhariri. Uchafu unapopita kwa jina letu, kesho mtafiti wetu mkweli naye anatiliwa shaka.

Sisi wa hapa tunajua kazi ya mzani. Lori likifika mzani wa Mpemba, hauulizwi uzuri wa rangi yake, zinapimwa ekseli. Jarida la kilaghai ni mzani unaopokea hela na kupitisha kila lori. Barabara ikibomoka, analaumiwa dereva aliye nyuma. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya OMICS ya India ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti, ikiwemo kudai kwamba makala hukaguliwa na wataalamu.

Wateja wa majarida hayo wanatoka wapi? Wengine wanatapeliwa. Wengine wanajua wanachonunua, kwa sababu mhadhiri hupanda cheo kwa pointi za machapisho, na barua pepe inayoahidi kuchapisha ndani ya siku tatu inafika wakati kamati inakaribia kukaa. Ndipo na majina yanapoongezwa: mkuu wa idara ambaye hajasoma hata muhtasari, rafiki anayedai fadhila. Miongozo ya wahariri wa majarida ya tiba iko wazi kwamba kuleta fedha au kusimamia tu hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Na kijana aliyezunguka na dodoso mashambani anastahili walau kutajwa kwa jina. Kama alichambua na kuandika pia, basi ni mwandishi mwenza.

Maoni yetu ni haya. Kamati za kupandisha vyeo ziache kuhesabu makala, zianze kuzisoma. Mtu alete kazi zake tatu bora, aulizwe alipimaje na nani alimsaidia. Aliyenunua ukurasa atajulikana kabla chai haijaletwa.

Nasi wananchi tunayo sehemu yetu. Akija mtafiti, mpokee, ila mwombe akuonyeshe kibali chake cha utafiti, na kama ni utafiti wa afya, kibali cha maadili. Muulize majibu utayapata lini na kwa lugha gani. Usione haya kuuliza; mwenye kazi safi atakujibu papo hapo.