Kwa Miguu Hadi Kwihara

Msikilizaji, ukitaka kuijua Tabora, shuka garini. Kutoka mjini hadi Kwihara ni kilomita chache tu za njia ya vumbi na miembe. Huko lipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na wageni wengi huishia hapo. Mimi nawafikiria wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo, na watumwa waliopitishwa njia hiyohiyo kwa minyororo. Reli ilifika Tabora 1912, nyayo zao zikaanza kufutika. Tangu 2006 njia hiyo ya watumwa na pembe za ndovu imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Iwekewe vibao sasa, na vijana wa Tabora ndio waongoze wageni.