Taa Katika Makapi

Somo: 1 Samweli 16:1–13



Huko Marekani, katika jimbo la New Jersey, uko mji mdogo uitwao Franklin. Palikuwa na mgodi wa zinki hapo, uliofungwa mwaka 1954. Mawe yake mengi, ukiyaona mchana, hayakusimamishi njiani: haya ya kijivu, yale meupe, mengine ya hudhurungi. Lakini yaweke gizani, uyamulike kwa taa ya urujuanimno, nuru ile isiyoonekana kwa macho yetu. Hapo jiwe liitwalo wilemaiti huwaka rangi ya kijani, na kalisaiti iliyo kando yake huwaka nyekundu kama kaa la moto. Jiwe hupokea nuru isiyoonekana, likairudisha ikiwa nuru ya kuonekana. Kinachofanya hivyo ni manganisi kidogo tu iliyochanganyika ndani yake. Sir George Stokes, mwana wa mchungaji wa Ireland, alilieleza jambo la namna hii mwaka 1852.

Wilemaiti ina zinki. Kwa hiyo mawe yalipokwisha kusagwa na kuchambuliwa, watu wa kiwanda waliyamulika makapi. Kijani kikionekana, walijua kuwa mali inatupwa.

Hatutaki kuupindisha mfano huu. Kalisaiti hung'aa sana, nayo siyo waliyoitafuta. Frankilinaiti, jiwe jeusi lenye zinki, haliwaki kabisa. Hilo lilitengwa kwa sumaku. Basi hata taa hiyo ina mipaka yake, kama macho ya Samweli alipomtazama Eliabu.

Lakini makapi yetu sisi, ni nani ameyamulika? Katika madaftari ya makanisa yetu mna majina yaliyofutwa: binti aliyezaa kabla ya ndoa, kijana aliyenaswa na pombe, mzee aliyegombana na kamati ya ujenzi. Tulikata shauri siku moja, tukafunga daftari. Wengine wangali majirani zetu, na Jumapili husikia nyimbo zetu wakiwa shambani. Daudi naye alikuwa malishoni. Baba yake hakuona haja ya kumwita, mpaka nabii alipouliza kama watoto wote wamekwisha kuja.

Juma hili, baraza la wazee likiketi, daftari lifunguliwe, majina hayo yasomwe moja moja, na watu wawili watumwe kwa kila mmoja. Wasichukue barua ya shutuma. Waende wakamjulie hali.