Picha ya Kweli, Maneno ya Uongo

Kuna picha moja ya swala na duma ambayo naamini wengi wenu imeshawafikia kwenye simu. Duma watatu wamemzingira swala katikati ya nyika. Mmoja amemkaba koo, wengine wamemparamia mgongoni, na swala mwenyewe amesimama wima, shingo juu, macho yametulia kana kwamba hayaoni kinachomtokea. Maneno yanayosafiri na picha hiyo yanasema swala alikuwa mama, kwamba alijitoa kwa duma ili wanawe wapate kukimbia, na kwamba aliyeipiga picha aliugua sonona kwa yale aliyoyaona.

Picha hiyo ni ya kweli. Ilipigwa Maasai Mara, nchini Kenya, mwaka 2013, na mpiga picha Alison Buttigieg. Maneno ndiyo ya uongo, tangu la kwanza hadi la mwisho. Yalibandikwa miaka kadhaa baadaye, yakaenea mwaka 2017, na mpiga picha akajikuta anamiminiwa pole na watu asiowajua ilhali yeye ni mzima. Siku ile duma jike alikuwa anawafundisha wanawe kuua. Alimkamata swala, akamshikilia, akawaachia watoto wamalizie, nao hawakujua waanzie wapi. Swala alikuwa ameganda kwa mshtuko. Hao watoto wa swala waliokuwa wakikimbia hawakuwapo kabisa.

Mimi simlaumu aliyeituma kwa sababu ilimgusa. Picha ya ajabu ikikufikia, unataka na mwenzako aione, na hiyo ni tabia njema ya watu wanaoishi pamoja. Ninachokilalamikia ni kwamba tunaipeleka picha uchi, bila jina la aliyeipiga, bila mahali, bila mwaka. Ikishavuliwa hivyo, yeyote anaweza kuivisha maneno anayotaka.

Mfano unaoniuma zaidi uko hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 Mwingereza Nick Brandt alitoa kitabu cha picha, Across the Ravaged Land. Ndani yake mna picha nyeusi na nyeupe za ndege na popo waliokufia Ziwa Natron, miili imekauka na kuvikwa ganda la magadi hadi ungedhani ni sanamu zilizochongwa. Furukombe, yule tai mla samaki, yuko juu ya tawi. Heroe, ndege ambaye wengi humwita flamingo, yuko majini. Haukupita muda, picha zikazunguka dunia nzima zikiwa na habari moja: Tanzania kuna ziwa linalogeuza wanyama kuwa mawe.

Brandt mwenyewe alieleza wazi alichofanya. Aliwakuta wameshakufa, wamesukumwa na maji hadi ufukweni. Akawaokota, akawaweka matawini na majini katika mkao wa viumbe walio hai. Ni kazi ya sanaa, na hakuificha. Maelezo yake ndiyo yaliyodondoka njiani, na kilichofika kwenye simu zetu ni furukombe aliyegusa maji akawa jiwe papo hapo.

Ziwa lenyewe ni kali, hilo halina ubishi. Liko chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, volkano ambayo lava yake imejaa magadi. Mvua na chemchemi za moto huyashusha magadi hayo ziwani. Mto Ewaso Ng'iro unaingia kutoka Kenya, lakini hakuna mto unaotoka. Jua linakausha maji, magadi yanabaki. Kipimo cha pH huweza kupita 10. Ni magadi yale yale ambayo akina mama hutia kwenye maharage na makande yaive upesi, ila kule yamezidi. Mzoga ukiangukia humo hauozi haraka, unakauka. Wamisri wa kale walitumia chumvi ya namna hiyo hiyo kukaushia maiti za wafalme wao. Lakini kukausha mzoga ni jambo moja, na kumgeuza jiwe aliye hai ni jambo jingine kabisa.

Kwa maana Natron ni mahali pa kuzaliwa. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hawana pengine pa kuzaliana kwa uhakika. Makundi yale ya rangi ya waridi tunayoyafurahia Manyara, Nakuru na Bogoria, wengi wao wameanguliwa Natron. Hujenga viota vya tope ndani kabisa ya ziwa, na ukali wa maji na tope ndio unaomzuia fisi asiyafikie mayai. Pembezoni, karibu na chemchemi, wapo perege wadogo waliozoea maji hayo. Wafugaji wa Kimaasai wanachunga mifugo yao jirani na ziwa hilo, wanaishi, wanazaa na kulea.

Mniwie radhi nikiling'ang'ania hili. Kuanzia mwaka 2006 palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi Natron. Wahifadhi waliupinga kwa hoja kwamba heroe watavurugwa mahali pao pa kuzalia, nao hawana pa kuhamia. Mwaka 2008 kampuni ya kigeni iliyokuwa na mpango huo ikajitoa, lakini wazo lenyewe lilirudi mezani baadaye. Sasa fikiria mwananchi aliyefundishwa na simu yake kwamba Natron ni ziwa la mauti. Siku atakapoulizwa kama kiwanda kijengwe, atatetea nini pale?

Siku hizi kuna pia picha zinazotengenezwa na kompyuta tangu mwanzo, kama ile ya Papa Fransisko mwenye koti jeupe la kujaa iliyozuka mwaka 2023. Hizo nazo ni hatari, lakini zisitusahaulishe kwamba picha halisi kabisa inaweza kubeba uongo.

Kukagua si kazi ngumu. Ukiona ujumbe wa WhatsApp una mishale miwili, ujue umeshapita mikononi mwa wengi kabla yako. Hifadhi picha, fungua Google, gusa alama ya kamera kwenye sehemu ya kutafutia, kisha ichague. Itakuonyesha mahali pengine ilipowahi kutokea. Tafuta ilipotokea mapema zaidi, kwa kuwa huko ndiko mara nyingi utalikuta jina la mpiga picha na maelezo yake. Bando likiwa limekwisha, basi uliza tu kundini: nani kaipiga, wapi, lini?

Ndugu msikilizaji, kama wewe ndiye msimamizi wa kundi la familia, la kanisani, la msikitini au la mtaani, nakuomba uweke sharti hilo moja. Picha ya ajabu iingie na jina la aliyeipiga, mahali na mwaka. Asiyevijua aandike kwamba hajui, na wenzake wamsaidie kutafuta.