Chombo cha Angani Kinavyotazama Malisho ya Kaskazini

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wafugaji.



Hakuna mfugaji mwenye busara katika Kaskazini ya Kenya ahamishaye kundi lake bila kwanza kumtuma mtu kwenda kutazama. Wasomali huiita kazi hiyo sahan. Mtu hodari huenda siku kadha wa kadha, akachungulia majani, akauliza habari za visima, na akirudi wazee huketi wakamsikiliza kabla ya kukata shauri. Yafaa kumkumbuka mtu huyo katika mazungumzo ya leo, maana yuko mtazamaji mwingine apitaye juu ya nchi hiyo hiyo, naye haoni kiu wala uchovu.

Mtazamaji huyo ni setilaiti, yaani chombo kilichorushwa angani kizunguke dunia na kupiga picha. Kimoja cha vyombo hivyo, kiitwacho Terra, kilirushwa na Wamarekani mwaka 1999. Jinsi kinavyojua habari za majani si uchawi. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu wa jua, na hurudisha kwa wingi mwanga wa namna nyingine usioonekana kwa macho ya binadamu. Jani lililokauka halifanyi hivyo. Chombo hupima mianga hiyo miwili, na wataalamu wakiilinganisha hupata hesabu ya ubichi wa nchi, kipande kwa kipande, hata vipande vya mita 250 kwa mita 250. Kwa kuwa hesabu hizo zimetunzwa kwa miaka mingi, yawezekana kusema kama masika ya mwaka huu yameleta majani machache kuliko ya miaka iliyopita.

Kazi moja kubwa iliyotokana na hesabu hizo ni bima ya mifugo. Zamani bima haikuweza kumfikia mtu wa kuhamahama. Ng'ombe amekufa mwendo wa siku tatu kutoka barabarani. Ni nani atakayekwenda kuukagua mzoga? Gharama ya mkaguzi yaweza kupita thamani ya ng'ombe mwenyewe. Tena kampuni haina njia ya kujua kama mnyama aliuawa na ukame au na uzembe wa mwenyewe. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu, wakaligeuza shauri: badala ya kuhesabu mizoga, yahesabiwe majani. Majani ya eneo yakipungua chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, kila aliyelipa ada katika eneo lile hulipwa, bila mtu kumwuliza ng'ombe wake wangapi wamekufa.

Bima hiyo ilianza kuuzwa Marsabit mwezi wa Januari 2010. Ukame ulikuja upesi kuijaribu, na mwezi wa Oktoba 2011 wafugaji wa huko walilipwa kwa mara ya kwanza. Waliochunguza nyumba zile waliona jambo la kuangaliwa sana: wenye mifugo mingi waliokuwa na bima hawakukimbilia kuuza wanyama kwa bei ya kutupa, na maskini waliokuwa nayo hawakupunguza milo kama wengine. Mwaka 2014 waliokata bima kwa kufuata sheria ya Kiislamu, takaful, walilipwa katika Wajir. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianza kuwalipia ada watu 5,000 wa Turkana na Wajir, kila mmoja kwa mifugo ya kadiri ya ng'ombe watano. Mkenya aliyeongoza kazi hii katika ILRI, Andrew Mude, alipewa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016.

Hapo mwanzo mkataba ulitazamia idadi ya wanyama watakaokufa, kwa hiyo fedha zilifika baada ya mizoga kutapakaa. Baadaye ukageuzwa, ili mtu alipwe majani yanapokosekana, anunue chakula cha mifugo, dawa na maji wanyama wangali wamesimama. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi. Bomani si ndogo hata kidogo.

Lakini isidhaniwe kwamba chombo hakikosei. Chenyewe huona ubichi, utamu hakiujui. Mti wa mathenge, ulioletwa sehemu za Baringo katika miaka ya 1980 na kuenea mno, hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha kabisa, na kwa chombo kijani ni kijani. Tena hesabu hutolewa kwa wastani wa eneo zima. Mtu aliyekosa mvua upande mmoja aweza kupoteza kundi, asipate hata senti, kwa sababu ya upande wa pili ulionyeshewa. Aliyelipa ada kwa kuuza mbuzi wake wawili, kisha akaambiwa kwamba eneo lake lina majani, ana haki ya kunung'unika. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, uliokausha misimu mitano mfululizo na kuua mifugo zaidi ya milioni mbili katika Kenya, hata waliolipwa waliona kwamba fedha za msimu mmoja hazivuki misimu mitano.

Kwa hiyo mtu wa sahan hajamaliza kazi yake. Chombo hakiwezi kusema kama pampu ya kisima imevunjika, wala kama wenyeji wa malisho watawakaribisha wageni kwa amani. Katika nchi ya Waborana wazee wa dedha ndio wajuao malisho yapi ni akiba ya kiangazi, na picha za angani zikiwekwa mbele yao huwasaidia kukata shauri mapema.

Anayetaka kukata bima na aulize mambo haya kabla ya kutoa fedha: mpaka wa eneo linalopimwa uko wapi, kiwango cha kulipwa ni kipi, na fedha zitamfikia kwa njia gani akiwa amehama. Ada hupokewa kabla ya mvua kunyesha tu; mawingu yakiisha kuonekana, mlango umefungwa mpaka msimu mwingine.